Vikapu Vilivyovunjika Miguu

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Mwanaidi Shemdoe alibonyeza KATAA, na kwa mara ya tatu Tambuzi ikamuuliza kama ana uhakika.

"Ninao," alisema kwa sauti, ingawa mashine ile haikuwa na masikio. Akabonyeza tena. Kwenye kona ya juu ya skrini namba yake ikashuka kutoka 95.4 hadi 95.3.

Namba ile iliitwa ulinganifu. Kila mthibitishaji nchini alikuwa na ya kwake, na ilipima kitu kimoja tu: ni mara ngapi amekubaliana na Tambuzi. Ikishuka chini ya tisini na tano, leseni inafungwa. Kwa hiyo mtu aliyewekwa pale kuikagua mashine alikaguliwa na mashine hiyohiyo, na kadiri alivyoifanya kazi yake kwa makini ndivyo alivyozidi kukaribia kuipoteza. Mwanaidi aliwahi kulisema hilo kikaoni. Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba hoja imepokelewa. Ilikuwa miaka sita iliyopita.

Picha iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya radiolaria, kidudu cha baharini cha seli moja kinachojijengea kiunzi cha kioo kidogo kuliko punje ya chumvi. Kidudu chenyewe kilikufa zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Kiunzi chake kikazama taratibu hadi chini kabisa, kikafunikwa na tope na viunzi vya wenzake mamilioni, tabaka juu ya tabaka. Meli za utafiti ziliteremsha mabomba marefu na kulivuta tope hilo, na ndani yake mlikuwa na kumbukumbu ya mvua.

Maana viunzi havikufanana. Katika bahari hii aina mbili ndizo zilizoamua mambo. Kikapu cha mvua kilikuwa na miguu mitatu myembamba kwenye mdomo wake. Kilistawi miaka ambayo upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu, ukayapindua maji baridi ya kina na kupeleka mvua bara. Kikapu kikavu hakikuwa na miguu. Mdomo wake ulikuwa na ukingo laini kama wa kikombe, nacho kilipenda bahari iliyotulia. Ukivihesabu vikapu hivyo katika tabaka la kipindi pacha, yaani enzi ile ya kale ambapo dunia ilikuwa na joto kama la sasa, unajua bonde gani litakauka ndani ya miaka thelathini ijayo. Kila bonde lilikuwa na bomba lake la tope, lililovutwa mbele ya mahali mto wake unapoingia baharini. Vikapu vikavu vikizidi sitini kwa mia, Mamlaka ya Mvua Zijazo inatoa Hati ya Kuhama, na malori yanakwenda.

Bonde la Kihundwe lilikuwa na sabini na moja kwa mia. Watu elfu kumi na tisa. Hati yao ilitakiwa kusainiwa Ijumaa, na ilibaki sahihi ya Mwanaidi peke yake.

Kilichomsumbua kilikuwa vivuli. Katika baadhi ya picha zilizoandikwa "kikavu", pembeni ya mdomo palikuwa na kitu kama doa la moshi. Pengine ulikuwa uchafu, pengine mwanga. Picha ilikuwa bapa, haikukubali kuzungushwa wala kushushwa. Angekuwa na kioo chenyewe, kile kipande kilichopakwa tope, chini ya hadubini angejua katika dakika moja. Alikuwa ameomba kioo hicho ghalani mara mbili. Majibu yote mawili yalikuwa mstari mmoja: *Ombi halina msingi. Picha inatosha.*

Aliinuka, akachemsha chai, akaisahau ikapoa, akarudi kukaa. Picha iliyofuata nayo ilikuwa na kivuli. Mkono wake ukasimama juu ya kitufe. Akikataa hii na nyingine tatu, leseni imekwenda, na faili litapewa mtu mwingine ambaye atalithibitisha kabla ya saa sita mchana aende zake kula.

Akabonyeza KUBALI, akajichukia.

*

Kesho yake dada wa mapokezi alipiga simu ndani, sauti yake ikiwa imechanganyikiwa. "Daktari, kuna mama hapa anasema ametumia Haki ya Kuona. Ana fomu na mihuri yote. Mimi sijawahi hata kuiona hiyo fomu."

Mwanaidi pia hakuwahi kuiona. Alijua tu kwamba iko kwenye sheria, kifungu cha mwishomwisho: mtu anayehamishwa ana haki ya kuonyeshwa ushahidi halisi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeitumia. Nani angesafiri hadi Tanga kutazama tope?

Mama mwenyewe aliitwa Naetwe Mgonja. Alikuwa mwembamba, wa miaka sitini na kitu, amevaa viatu vya kufunga vilivyopakwa rangi siku ileile. Alikuwa mwenyekiti wa mfereji kule Kihundwe, ndiye aliyegawa zamu za maji kutoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo la juu ya kijiji, kwa mashamba mia tatu ya vitunguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetuhamisha?"

Mwanaidi alimvutia kiti. "Ni mmoja wao."

"Basi nionyeshe. Nimeambiwa ni kidudu. Nimegombana na mkuu wa wilaya, nimegombana na mtu wa Mamlaka, wote wananiambia ni kidudu ndicho kimesema. Nataka nikione."

Mwanaidi alianza kuwasha skrini, kisha akaacha. Aliisoma tena fomu ya yule mama, taratibu. *Ushahidi halisi.* Haikusema picha. Chini yake pameandikwa kwamba mwombaji anaweza kutaja na mabonde mawili ya kulinganisha.

"Bi Naetwe," alisema, "kuna mabonde mengine ungependa kuyaona?"

"Lwande," mama akajibu bila kufikiri. "Dada yangu alihamishwa Lwande. Hakumaliza mwaka huko walikompeleka."

"Na lingine? Ukikosa, ongeza Nkumbo. Ndilo linalofuata kwenye orodha baada yenu."

Mama akamtazama kidogo, akachukua kalamu, akaandika *Nkumbo*.

Saa mbili baadaye mlinzi wa ghala alileta visanduku vitatu vyenye vumbi, akalalamika kwamba kadi za ghala zimebadilishwa namba na hakuna aliyemwambia, akaondoka. Mwanaidi alifuta hadubini ya zamani iliyokuwa ikitumika kushikilia mlango usijifunge. Akaweka kioo cha Kihundwe, akatafuta kikapu cha mvua kilicho kizima, akamwachia mama kiti.

Naetwe aliinama. Akasogeza jicho karibu na lenzi.

"Kumbe kizuri," alisema. "Mtu angesema kimesukwa. Miguu mitatu."

"Hicho ni cha mvua. Sasa huyu hapa ni mkavu, hana miguu." Mwanaidi akasogeza kioo.

Kidole cha mama kilikuwa kwenye kirungu cha pembeni cha kupandisha na kushusha lenzi, kinakizungusha mbele na nyuma kama mtu anayejaribu redio, na kiunzi kikawa kinazama na kuibuka. "Hana miguu kweli?"

"Mashine inasema hana."

"Mbona nikishusha hivi naona vigutu? Kimoja, viwili. Na cha tatu kile. Kimekatika miguu hiki, mwanangu. Hakikuzaliwa hivi."

Mwanaidi akamwomba apishe kidogo. Akaweka jicho. Akashusha kirungu kwa upole, na pale ambapo picha iliweka doa la moshi pakainuka vigutu vitatu vya kioo, safi kabisa, vyenye ncha za kuvunjika.

Akasogeza kioo. Kingine kilikuwa kikavu cha kweli, ukingo laini. Kilichofuata kilikuwa na vigutu. Kilichofuata, vigutu.

"Sisi tukichambua mbegu," Naetwe alikuwa akisema nyuma yake, "zilizovunjika tunaweka kando. Huwezi kuitia kwenye fungu lolote kabla hujajua ilikuwa nini. Ninyi mlizitia wapi?"

Mwanaidi alikuwa ameanza kukumbuka.

*

Daftari la lebo lilikuwa bado kwenye kumbukumbu za kituo, mahali ambapo hakuna aliyeingia tangu Tambuzi ilipozinduliwa. Mashine haikuzaliwa na akili. Ilifundishwa kwa picha elfu kumi na moja ambazo mwanadamu alizitazama moja moja na kuzibandika jina, na kila lebo ilibaki na herufi za aliyeibandika. Mwanaidi alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa mia nne. M.S. M.S. M.S.

Alikuwa na miaka ishirini na nne. Profesa Kitojo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akipita nyuma ya viti vyao kila jioni akiuliza mmefika wapi. Mwanaidi aliwahi kumuuliza: profesa, hivi vilivyovunjika niviweke wapi? Aliikumbuka hata harufu ya kahawa ya mzee yule alipoinama kutazama. "Hana miguu? Basi weka kwa wasio na miguu, binti. Mashine inataka mafungu mawili, haitaki la tatu. Tumechelewa."

Akaweka, na hakuuliza tena. Elfu moja na mia tisa, kwa hesabu aliyoifanya sasa, na kila moja ilikuwa imeifundisha Tambuzi kwamba kikapu kilichovunjika miguu ni dalili ya ukame.

Siku hiyo na iliyofuata hakwenda hata kula. Naetwe alirudi kwao na basi la mchana baada ya kuahidiwa kwamba atapewa jibu. Mwanaidi alibaki na visanduku vitatu, akihesabu kwa jicho na kalamu kama zamani, hadi shingo ikakakamaa. Mabomba ya Kihundwe na Lwande yalikuwa yamevutwa na meli ya kwanza, ambayo winchi yake ilijulikana kwa kutikisa tope mpaka linapondeka. Humo vigutu vilijaa. Bomba la Nkumbo lilivutwa na meli mpya, na humo vikapu vingi vilikuwa vizima.

Alipomaliza alikuwa na namba tatu kwenye karatasi.

Kihundwe, kutoka sabini na moja hadi thelathini na tisa. Kwenye lugha ya Mamlaka hilo ni eneo la mashaka: bonde linaweza kukauka, linaweza lisikauke.

Lwande, kutoka sitini na tatu hadi ishirini na nane. Lwande hapakuwa na haja ya kuhamisha mtu. Kaya elfu sita ziliondolewa miaka kumi na moja iliyopita, nyumba zikabomolewa ili watu wasirudi.

Nkumbo, kutoka themanini na mbili hadi sabini na nane. Nkumbo litakauka. Hapo mashine ilikuwa sahihi.

Aliitazama namba ya tatu kwa hasira zaidi kuliko zile mbili. Kama Tambuzi ingekuwa imekosea kila mahali, angejua la kufanya.

*

Mkurugenzi wa kituo, Dokta Ambakisye Mwakalukwa, alisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaketi, akaisoma upya. Walikuwa wamesoma darasa moja. Yeye alipewa ripoti za kuandika, Mwanaidi akapewa lebo.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Hakuna. Yule mama aliona vigutu tu."

"Sawa." Akavua miwani. "Sikiliza, dada yangu. Una katao la jumla. Kila mthibitishaji ana moja maishani mwake. Litumie kulikataa faili zima la Kihundwe. Hati inasimama siku tisini, kamati inaitwa, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Kihundwe hawahami. Leseni yako itafungwa kwa muda, nitahakikisha inarudi."

"Na Lwande?"

"Tunarekebisha lebo kimyakimya kwenye toleo lijalo. Mwaka mmoja, miwili."

"Nimekuuliza Lwande, Ambakisye."

"Lwande wameshahama!" Alipandisha sauti, kisha akaishusha, akautazama mlango. "Dada yake yule mama ameshakufa. Ukisema leo, utamfufua nani? Lakini nikuulize mimi. Unakumbuka Mbalazi?"

Kila mtu aliikumbuka Mbalazi. Watu laki mbili walihama kwa sababu mashine ilisema, na miaka minne baadaye bonde lile likageuka vumbi ambalo ndege hawakulivuka. Hakufa mtu hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

"Walihama kwa sababu waliamini," Ambakisye alisema. "Hawakuelewa vikapu wala tope, waliamini. Jumatatu malori yanakwenda Nkumbo. Umeandika mwenyewe hapa, sabini na nane. Wakisikia kwamba Tambuzi ilifundishwa uongo, unadhani watapanda hayo malori? Kwenye fomu ya katao kuna sehemu ya sababu, na sababu inasomwa hadharani. Andika 'sampuli zimeharibika'. Hata si uongo, sampuli *zimeharibika* kweli. Maneno mawili, Mwanaidi."

Alirudi ofisini kwake akafungua fomu. Sehemu ya sababu ilikuwa kisanduku cheupe, na kistari kikawa kinawaka na kuzima ndani yake.

Aliandika *Sampuli zimeharibika.*

Akakaa. Nje mtu alikuwa akifyeka majani, kelele ya mashine ikija na kuondoka. Alijiambia kwamba Ambakisye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Angekuwa mwovu, kumpinga kungekuwa rahisi. Kila alichosema kilikuwa na uzito. Alijaribu kumfikiria mtu mmoja wa Nkumbo, yeyote, amebaki kwenye nyumba isiyo na maji kwa sababu ya maneno yake. Halafu akamfikiria dada yake Naetwe, ambaye jina lake hakuliuliza, na mtu aliyemwambia mwanamke yule kwamba kidudu kimesema.

Kidudu hakikuwa kimesema chochote. Aliyesema alikuwa M.S., miaka ishirini na nne, kwa sababu tumechelewa.

Akafuta. Akaandika: *Lebo za msingi za Tambuzi zina kosa. Vikapu vya mvua vilivyovunjika miguu vilihesabiwa kama vikavu. Nilizibandika mimi. Bonde la Lwande halikupaswa kuhamishwa. Hesabu zangu zimeambatishwa.* Akasoma mara moja tu, kwa kuwa alijijua, akatuma.

Skrini ikageuka kijivu. *Leseni yako imefungwa. Ahsante kwa utumishi wako.*

*

Sheria ilitaka katao lisomwe mbele ya wahusika na aliyeliandika. Ijumaa saa nne asubuhi Mwanaidi alisimama kwenye ghala la vitunguu la Kihundwe, macho yakimwasha, mbele ya watu waliojaa mpaka nje. Alitarajia, aibu ilimshika baadaye kukumbuka hilo, kwamba watafurahi.

Aliposoma kuhusu vigutu palikuwa na minong'ono. Aliposoma "nilizibandika mimi" waliokuwa nje wakasukumana mlangoni wamwone. Aliposoma jina la Lwande, Naetwe Mgonja, aliyekuwa ameketi mbele, aliinuka akatoka nje, na wanawake wawili wakamfuata.

"Kwa hiyo tunabaki?" akauliza mwanamume mmoja mwenye kofia ya mkonge.

"Hati imesimama kwa siku tisini."

"Sikuuliza hati. Nauliza bonde. Litakauka, halitakauka?"

"Sijui," Mwanaidi alisema.

Hapo ndipo ghala lilipolipuka. Mtu alipiga kelele kwamba ameshauza ng'ombe kwa ajili ya safari. Mwingine akauliza kuna daktari gani asiyejua. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alimsogelea kabisa. Aliongea polepole kama anayemweleza mtu mgumu wa kusikia: "Mashine ilikuwa inajua. Habari mbaya ndiyo, lakini ilikuwa inajua. Wewe umekuja kutuondolea hilo, halafu unatuletea nini?"

"Ninawaletea kilichopo," alijibu, na alisikia mwenyewe jinsi jibu lile lilivyokuwa dogo.

Alimkuta Naetwe kwenye ukingo wa ndiva, juu ya kijiji, anaondoa majani kwenye tundu la maji kwa fimbo. Maji yalikuwa nusu. Hakugeuka.

"Aliitwa Namsifu," alisema. "Alikuwa na ng'ombe wawili na mashine ya kushonea. Walimwambia achukue kimoja."

"Nisamehe, mama."

"Sitakusamehe leo." Aliendelea kutoa majani. "Labda siku nyingine. Lakini ungenificha la Lwande, ningekuja kugundua tu, na hapo nisingekusamehe hata kaburini. Mwanangu na wanawe nawapeleka kwa shemeji yangu Korogwe. Mimi nabaki. Nitapanda nusu ya shamba, nione. Hicho ndicho ulichotuachia, eti? Nusunusu."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nenda."

*

Ambakisye alimpigia simu Jumatatu mchana. Hakusalimia.

"Nkumbo wamegoma. Wameyazuia malori barabarani kwa magogo. Wana bango lenye jina lako."

Alifika kule Jumanne. Hakuwa na leseni wala barua ya mtu. Alikuwa na hadubini ya zamani ndani ya ndoo iliyofungwa kwa kanga, na kisanduku kimoja cha vioo ambacho hakikuwa kimerudishwa ghalani. Dereva wa mojawapo ya yale malori ndiye aliyempakia, kwa kuwa naye alikuwa anarudi kuona kama magogo yameondolewa.

Bonde la Nkumbo lilikuwa kijani. Hilo hakulitegemea. Migomba ilikuwa imeshiba, kijito kilisikika kutoka barabarani, na alijua kwamba macho ya kila mtu pale yalikuwa yakimwambia jambo moja kila asubuhi, tofauti kabisa na namba iliyokuwa mfukoni mwake. Miaka sita, labda minane, kisha vumbi. Mbalazi nayo ilikuwa kijani hadi mwaka wa mwisho.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa shule. Mtu alimtambua kutokana na picha, akaita jina lake, na jina likatembea kutoka mdomo hadi mdomo. Wakampisha njia. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlenga, akasema, "Umeishinda ile mashine, mama. Mungu akuzidishie." Wakamsogezea meza ya mwalimu. Akaweka ndoo juu yake, akafungua kanga, akatoa hadubini, na watu wakapiga makofi hata kwa hadubini.

Akaweka kioo. Akasimama wima, na yule mzee akaushika tena mkono wake. Akasubiri. Makofi yalichukua muda kuisha, na alitamani yaendelee kidogo zaidi.

"Naitwa Mwanaidi Shemdoe," alisema. "Ni kweli mashine ilikosea Lwande, na kosa lilikuwa langu. Nimehesabu vikapu vya kwenu kwa macho yangu mwenyewe, kimoja kimoja, siku mbili. Atakayetaka kuhesabu na mimi, hadubini hii hapa, nitakaa mpaka wa mwisho ahesabu." Akatazama upande wa barabara. "Ndugu zangu, yaondoeni magogo. Ninyi mnatakiwa kuhama."

Yule mzee alikuwa bado ameushika mkono wake. Akauachia.